AC ya trela inakata breka ya umeme kila mchana, usiku inatulia. Tatizo liko wapi?

Msafiri Mwendo

Wakuu, heshima kwenu.

Nina trela la safari lenye AC ya juu ya paa, BTU 13,500 (kipimo cha uwezo wa kupoza), umeme wa volti 120. Plagi ya trela ni ya ampia 30, na kwenye kisanduku cha breka, zile swichi zinazojikata zenyewe mkondo ukizidi, AC ina breka yake peke yake ya ampia 20. Kwa wiki mbili sasa hali ni hii: naiwasha saa 5 asubuhi, inapoza vizuri kabisa. Ikifika saa 8 mchana, jua likiwa kali, breka inakata. Nikiirudisha hapo hapo inakata tena baada ya dakika 2 au 3. Nikiacha nusu saa halafu niiwashe, inakwenda kama dakika 20 na kukata. Usiku inakesha bila tatizo lolote.

Nimeosha filta za ndani. Nimehamia kambi nyingine nikidhani soketi ya kambi ndiyo mbovu, hali ni ile ile. Tunasafiri na mama yangu mzee na joto la mchana linamchosha sana, kwa hiyo kwangu hili si jambo la starehe. Kuna mtu amenishauri nifunge breka ya ampia 30 yaishe. Kabla sijafanya nimeona niulize hapa kwanza. Natanguliza shukrani.

Nyundo Nzito

Mkuu, hata mimi ningefunga ya 30. Hiyo ya 20 iko karibu mno na ampia ambazo AC inavuta. Nilifanya hivyo kwenye trela langu na linakwenda mwaka wa pili sasa.

Fundi Waya

Nyundo, ndugu yangu, niwie radhi lakini hapa lazima nikupinge, maana kuna watu watasoma hili na kulifuata.

Breka haikuwekwa kuilinda AC. Imewekwa kuulinda waya. Kwenye matrela ya aina hiyo waya unaopanda kwenda paani huwa ni saizi namba 12, kama milimita za mraba 3.3, na umepangiwa ampia 20. Ukiweka breka ya 30, umeuambia waya ubebe 30 bila mtu wa kuuzuia. Na waya wenyewe unapita wapi? Ndani ya dari, umelala kati ya povu la kuzuia joto na ubao mwembamba. Ukipata moto humo hutauona mpaka dari lianze kubadilika rangi, na trela lina mlango mmoja. Tafadhali kalifungue la kwako uangalie. Nasema kwa nia njema.

Msafiri, asante kwa kuuliza kwanza. Tena umeeleza vizuri, umetaja muda, na muda ndiyo habari yenyewe. Ndani ya breka kuna vitu viwili vinavyoweza kuifanya ikate. Kuna sumaku, ambayo hukata papo hapo mkondo ukiruka mara nyingi juu ya kiwango. Na kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizobandikwa pamoja, ambacho hupinda taratibu kikipata joto, na kikipinda vya kutosha huachia kitasa. Kipande hicho hakijui ampia ni nini. Kinachojua ni joto.

Kwa hiyo AC ikikata breka pale pale unapogusa swichi, tafuta shoti: waya uliochubuka kwenye tundu la paa, kompresa iliyoungua ndani, skrubu iliyotoboa waya ukutani. Ikikata sekunde moja au mbili baada ya feni kuanza, kompresa inapotaka kuamka, basi inashindwa kuanza: kapasita (kifaa kinachoshika chaji ya kuisukuma mota), kisaidizi cha kuwashia, umeme hafifu, au kompresa imekwama. Ikikata baada ya dakika 10, 20, 40 kama ya kwako, hapo hatutafuti shoti. Tunatafuta joto linatoka wapi.

Hata ile ya kukata tena baada ya dakika 2 inaeleweka. Kipande bado kina moto. Pia kompresa ikizimwa inahitaji dakika 3 hadi 5 ili presha ya gesi ilingane pande zote mbili. Ukiiwasha kabla ya hapo inaamka ikiwa imebeba mzigo, inavuta mkondo wa kuanzia kwa muda mrefu, na kila jaribio linaongeza joto kwenye breka na kwenye kompresa yenyewe. Ikikata, ipe dakika 5 kamili.

Sasa naomba unijibu. Inayokata ni breka ya AC, meni swichi ya trela, au ile ya kwenye nguzo ya kambi? Volti ni ngapi ndani ya trela AC ikiwa imezimwa, na ngapi kompresa ikiwa inafanya kazi? Na kama una klampu mita, soma ampia asubuhi na mchana. Izungushe kwenye waya wa fezi, unaoleta umeme, peke yake. Ukizungusha kebo nzima itasoma sifuri, maana mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana.

Msafiri Mwendo

Fundi, nashukuru sana. Mimi ni fundi wa magari, mita nimeizoea, ila umeme wa volti 120 nauheshimu.

Inayokata ni breka ya AC tu, meni haijawahi kukata. Volti ndani ya trela: 119 AC ikiwa imezimwa, 113 kompresa ikiwa inafanya kazi. Ampia saa 4 asubuhi ilikuwa 14.2. Saa 8 na nusu mchana, kabla tu haijakata, 17.6. Kibandiko cha AC kinasema kompresa 11.6 na feni 2.4.

Fundi Waya

Hizo ni namba nzuri. Volti 113 haina ubaya. Ingeshuka chini ya 104 hivi ningesema acha kila kitu tushughulikie kebo na kambi kwanza, kwa sababu mota ya kompresa ikipata volti pungufu haipunguzi kazi. Inavuta ampia zaidi na kuchemka.

Lakini kutoka 14.2 hadi 17.6 ni kupanda kwingi. Sehemu ya ongezeko hilo ni ya kawaida, hewa ya nje ikiwa na joto kompresa hufanya kazi zaidi. Sehemu nyingine si ya kawaida. Mzee Spana upo? Hii ni ya paani, na paani wewe ndiye mwenyewe.

Mzee Spana

Nipo mwanangu.

Msafiri, panda juu. Kabla ya kupanda chomoa plagi ya trela kwenye nguzo. Usiishie kuzima breka, chomoa plagi kabisa, na jenereta kama ipo iwe imezimwa. Fungua kile kifuniko cha plastiki. Utaona koili ya nje yenye mapezi membamba ya alumini. Kazi yake ni kutupa joto lililotolewa ndani. Mapezi yakiziba kwa vumbi, majani na viota vya nyigu, joto halitoki, presha ya gesi inapanda, kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi, na ampia zinapanda. Usiku hewa ikiwa baridi AC inamudu hata ikiwa chafu. Mchana haimudu. Hiyo ndiyo tofauti yako ya usiku na mchana.

Watu wengi huangalia koili kwa nje, wakaona inang'aa, wakafunga. Uchafu hauko upande huo. Feni inavuta hewa, kwa hiyo vumbi hunasa upande hewa inakoingilia, na kwenye mashine nyingi upande huo umejificha. Mulika kwa tochi kutoka upande wa pili: usipoona mwanga ukipenya kati ya mapezi, imeziba.

Funika mota na kisanduku cha umeme kwa nailoni. Osha kwa maji ya bomba ya kawaida, ukisukuma uchafu urudi ulikotoka. Usitumie mashine ya presha, itayalaza mapezi yote na utakuwa umeziba koili kwa mkono wako mwenyewe. Yaliyolala yanyooshe taratibu kwa kitana chake. Vaa glovu, yanakata.

Halafu zungusha feni kwa mkono. AC za paani nyingi zina mota moja yenye shafti inayotoka pande mbili: upande mmoja feni ya koili ya nje, upande mwingine ile inayovuma ndani. Kwa hiyo mota hiyo ikizembea, pande zote mbili zinaumia. Ikiwa nzito, inakwaruza au inayumba, bushi zimeisha.

Mwisho kapasita. Hata ukiwa umechomoa plagi, kapasita inaweza kuwa imeshika chaji ya kukurusha kutoka paani. Iunganishe miguu kwa rezista, ile ya omu elfu 20 hivi ya wati 5 inatosha, ishikilie sekunde kadhaa, halafu hakiki kwa mita kuwa imebaki sifuri. Usiipige shoti kwa bisibisi kama tulivyofundishwa zamani. Chomoa waya, pima maikrofaradi, linganisha na zilizoandikwa. Nyingi zinaruhusiwa kupungua asilimia 5 au 6, si zaidi. Piga picha ya nyaya kabla hujachomoa hata mmoja.

Dada Kambi

Naomba niingilie kidogo. Yangu ni karavani ya volti 230, ile plagi ya buluu ya ampia 16. Ya kwangu inakata umeme baada ya mvua au AC ikiwa imelala muda mrefu. Haijali mchana wala usiku. Nafuata hatua hizi hizi?

Fundi Waya

Dada, kwanza angalia ni kifaa gani kinachokata. Kwenye karavani za 230 kuna breka za kawaida na kuna kile chenye kitufe cha kujaribia, RCD, ambacho hukata umeme ukivuja kwenda ethi (waya wa ardhini), kwa kawaida kuanzia miliampia 30. Ikiwa ni hicho, basi mzigo mzito hauhusiki, una unyevunyevu au insulesheni (ganda la waya) iliyochoka. Mvua imeshakujibu nusu ya swali.

Chomoa kila kitu, halafu rudisha kimoja kimoja. Ikikata unapowasha AC tu, chunguza kisanduku cha viungio cha AC paani kama kimeingiwa na maji, na kama AC yako ina waya wa kupasha joto, utenganishe ujaribu bila huo. Waya wa aina hiyo ukikaa muda mrefu hunyonya unyevu na kuvujisha. Ukiwa na mita ya insulesheni pima kutoka kompresa kwenda ethi, huku AC ikiwa imechomolewa. Mita ya kawaida haitoshi, ina volti ndogo na inaweza kukuambia kila kitu kizima.

Kama ni breka ya kawaida inayokata mara AC inapoanza, soma herufi iliyo mbele ya namba. Aina B hukata papo hapo kuanzia mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, aina C kuanzia mara 5 hadi 10. Mota hupenda C. Hata hivyo usibadilishe mpaka mtu mwenye leseni ahakikishe waya na ethi vinaruhusu.

Na tafadhali, usiikwepe RCD hata kwa siku moja. Trela limekaa juu ya matairi ya mpira. Umeme ukivuja kwenye bodi na ethi ikawa mbovu, anayeufikisha ardhini ni mtu anayeshika mlango akiwa chini.

Dada Kambi

Ni hicho chenye kitufe. Nimeelewa, asante sana. Nitamwita fundi aje na mita hiyo.

Kijana wa Jenereta

Na mimi nina langu. AC kama ya Msafiri, BTU 13,500, jenereta ya wati 2,000. Feni inaanza, kompresa inanguruma, breka ya jenereta inakata. Kwenye umeme wa kambi inawaka, ila mimi hutumia ekstensheni ya mita 15 na wakati mwingine taa zinafifia kabisa inapoanza.

Fundi Waya

Kijana, wewe uko kwenye kundi la sekunde moja na mbili. Kompresa ikiwa imesimama huvuta ampia za kuanzia ambazo ni mara 4 hadi 6 ya zile za kawaida. Angalia kibandiko, herufi LRA, pengine utaona 60 na ushee. Jenereta ya wati 2,000 inatoa kama ampia 16 kwa muda mfupi, na nyingi hazifiki hapo kwa mfululizo. Haiwezi, na kosa si lake. Ukifunga kifaa cha kuwashia taratibu, kinachopandisha mota polepole, mkondo wa kuanzia unashuka zaidi ya nusu na baadhi ya jenereta za ukubwa huo huweza. Ukipanda milimani uwezo wa jenereta unapungua, karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300.

Hiyo ekstensheni yako ni ya unene gani?

Kijana wa Jenereta

Imeandikwa 3 x 1.5.

Fundi Waya

Tupige hesabu. Shaba ya milimita za mraba 1.5 ina ukinzani wa kama omu 12 kwa kilomita. Mita 15 kwenda na 15 kurudi ni mita 30, sawa na omu 0.36. AC ikivuta ampia 15 unapoteza volti 5.4 njiani. Siyo nzuri ila inavumilika. Sasa kompresa inapoanza na ampia 60: volti 22 zimebaki kwenye kebo. Nguvu ya mota ya kuzunguka hupungua kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo ukipoteza asilimia 18 ya volti umepoteza karibu theluthi ya nguvu ya kuanzia. Ndiyo maana taa zinafifia na kompresa inaamka kwa shida.

Kwa plagi ya ampia 30 tumia kebo ya saizi namba 10, zaidi kidogo ya milimita za mraba 5. Na ikunjue yote. Kebo iliyoviringishwa kwenye roli hujipasha yenyewe.

Msafiri Mwendo

Wakuu, nimerudi na majibu.

Mzee Spana, ulichosema ndicho nilichokikuta. Kwa nje koili ilikuwa safi. Kwa ndani ilikuwa na blanketi la vumbi lililoshikana na nyuzi za magugu, na viota viwili vya udongo vya nyigu. Tochi haikupenya hata kidogo. Nimeosha mara tatu mpaka mwanga ukapita. Feni inazunguka laini. Kapasita ya kompresa ilikuwa sawa, ila ya feni imeandikwa 10 na imesoma 6.9. Nimeweka mpya.

Matokeo: AC inapoza kuliko nilivyowahi kuiona. Saa 8 na nusu mchana, joto lile lile, ampia 15.1 badala ya 17.6.

Lakini imekata tena. Imekwenda dakika 55, ikakata. Kusema kweli nimevunjika moyo. Nilikuwa nimeshamwambia mama kuwa imepona.

Nyundo Nzito

Pole mkuu. Ndiyo maana mimi nilisema.

Mzee Spana

Usivunjike moyo kijana. Ulikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja. Tumeutoa mmoja.

Fundi Waya

Msafiri, nakuomba usiione hii kama kushindwa. Kwa kuosha koili umenipa kitu ambacho sikuwa nacho jana: sasa najua kuwa AC haina kosa.

Fikiri hivi. Breka ya ampia 20 ya aina ya matrela hayo hupimwa kwenye joto la nyuzi 40. Ikibebeshwa asilimia 135, yaani ampia 27, inapewa hadi saa nzima kukata. Ikibebeshwa 40, hadi dakika 2. Yako imebeba 15.1, ambayo iko hata chini ya asilimia 80 tunayoruhusu kwa mzigo wa muda mrefu. Kwa ampia hizo breka nzima haipaswi kukata leo, kesho wala mwezi ujao. Imekata, kwa hiyo kile kipande cha metali mbili kimepata joto ambalo halikutokana na ampia za AC. Joto hilo limetoka jirani.

Jirani wa breka ni nani? Ni skrubu inayoshika waya. Ni kishikizo cha breka kwenye ukanda wa shaba nyuma yake. Ni breka nyingine zilizobanana nayo. Na kwenye matrela mengi kuna konveta ya kuchaji betri iliyofungwa chini ya breka hizo hizo, ndani ya kabati lisilopitisha hewa.

Ninayemshuku zaidi ni skrubu. Trela ni nyumba inayotikiswa kila siku inayosafiri. Skrubu ya kisanduku cha nyumba ya kawaida inakazwa mara moja na kukaa miaka. Ya trela inapigwa na kila shimo la barabara, halafu waya unapata moto na kupoa kila siku AC inapowaka, shaba inatanuka na kusinyaa chini ya skrubu. Inalegea kidogo kidogo. Mgusano ukilegea, ukinzani unapanda. Ukinzani ukipanda, joto linapanda. Joto likipanda, linalegeza zaidi.

Kuna kipimo cha kuthibitisha, ila kinafanywa umeme ukiwa unapita na kisanduku kikiwa wazi. Kwa kuwa umezoea mita nakueleza. Msomaji mwingine ambaye hajazoea ampe fundi umeme. AC ikiwa inafanya kazi, mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye ukanda unaolisha breka, ncha nyingine kwenye shaba ya waya wenyewe baada ya skrubu. Usiweke kwenye kichwa cha skrubu, gusa shaba ya waya. Mkono mmoja, viatu vikavu, hakuna pete wala saa. Kwa breka nzima utaona sehemu ndogo ya volti, mia kidogo tu za milivolti au pungufu. Ukiona volti nzima au zaidi, tumempata.

Msafiri Mwendo

Fundi. 1.3.

Nimerudia mara tatu. Volti 1.3 AC ikiwa kwenye ampia 15. Kwenye breka ya jirani, ile ya maikrowevu, nimepata 0.06.

Nikachomoa plagi ya trela, nikasubiri, nikahakiki sifuri, nikagusa skrubu ya breka ya AC kwa bisibisi. Imezunguka karibu mzunguko mzima kabla haijashika. Insulesheni ya waya imekuwa ya kahawia kwa kama sentimita 2 na imekauka, inavunjika ukiikunja. Ubavu wa breka umebadilika rangi. Kumbe ile harufu ya plastiki mchana niliyodhani ni ya mkeka mpya ilikuwa inatoka hapa.

Kabati hilo liko sentimita chache kutoka kichwani pa kitanda cha mama.

Fundi Waya

Volti 1.3 mara ampia 15 ni karibu wati 20. Hicho ni kichwa cha chuma kidogo cha kulehemu, kimewekwa ndani ya kisanduku cha plastiki, kinafanya kazi mchana kutwa. Breka yako haikuwa inakusumbua, ndugu. Ilikuwa inahisi moto pembeni yake na kukata kila mara. Ungefunga ya 30 isingekata, na ule moto ungeendelea.

Usikaze tu ukaondoka. Shaba iliyoungua haishiki tena vizuri. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa na insulesheni laini. Ukiwa mfupi, unganisha kipande kipya cha saizi ile ile ndani ya kisanduku cha viungio kinachofikika. Weka breka mpya ya ampia 20, ya aina iliyotajwa kwenye kibandiko cha mlango wa kisanduku. Kuna zinazoingia lakini hazishiki ukanda sawasawa. Angalia ukanda wenyewe mahali breka inapokaa: ukiwa na mashimo ya kuungua, kisanduku kibadilishwe. Kaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa bisibisi yenye kipimo kama unayo.

Kisha pitia skrubu zote, na usisahau zile za nyutro (waya unaorudisha umeme). Nyutro iliyolegea huungua mbali na breka, kwa hiyo hakuna kitakachokata kukuonya. Halafu panda tena paani ufungue kisanduku cha viungio cha AC, uvute kila waya taratibu kwenye kofia yake ya kuungia.

Mzee Spana

Ukimaliza, pitia tena baada ya safari yako ya kwanza ndefu. Mimi hukaza zangu mwanzo wa kila msimu, plagi ikiwa mkononi mwangu.

Nyundo Nzito

Wakuu, nimesoma uzi huu wote jana usiku sikulala vizuri. Leo asubuhi nimefungua langu. Waya wa AC umebadilika rangi kutoka kwenye breka mpaka unapoingia kwenye kebo, na skrubu imelegea vile vile. Nimechomoa kila kitu. Nimeagiza breka ya 20 na kuna fundi anakuja kuangalia waya wa darini kabla sijawasha tena. Ule ushauri wangu wa juu naufuta, tafadhali mtu yeyote asiufuate. Fundi Waya, asante kwa kunipinga.

Fundi Waya

Nyundo, nimefurahi sana kusikia hivyo. Muombe fundi akupimie insulesheni ya waya wote wa darini, asiangalie ncha tu. Miaka miwili ni mingi.

Msafiri Mwendo

Leo ni siku ya nne tangu nimalize. Joto kivulini limefika nyuzi 38. AC imewaka kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku bila kukata hata mara moja. Ampia 15.3 saa 9 mchana. Ile volti 1.3 sasa ni 0.05. Nimeweka mkono kwenye mlango wa kisanduku, uko vuguvugu tu. Skrubu mbili za nyutro pia zilikuwa zimelegea, na kofia moja ya waya paani ilitoka mkononi nilipoivuta.

Mama alilala mchana kuanzia saa 8 hadi saa 10. Nimehamisha kitanda chake upande wa pili hata hivyo.

Kijana wa Jenereta

Hongera mkuu. Hiyo breka uliyoitoa bado unayo? Ungeweka picha ya ubavu ulioungua na ile ncha ya waya, wenye matrela wajue wanatafuta nini wakifungua.

Msafiri Mwendo

Ninayo, sijaitupa. Nitaipiga picha kesho kukiwa na mwanga.